Kanzu Haianikwi Jumamosi

Jumamosi iliyopita nilifua kanzu tatu kwa mkono, nikazianika uani, nikaingia ndani kumimina chai. Huku kaskazini mwa Uingereza nguo kukaukia juani si jambo la kila wiki. Ikitokea, mtu mzima na akili zake huvuta kiti akakaa dirishani kutazama. Nami nikavuta kiti. Kamba tupu! Kanzu zangu zimekunjwa vizuri, mikono ndani, zimewekwa juu ya ukuta unaotutenganisha na jirani, na jirani mwenyewe kasimama upande wake, mikono nyuma, shingo juu, kama anatafuta mwezi mwandamo saa nne ya asubuhi.

"Samahani," akasema, na macho hayakushuka. "Wameshaachiwa."

Asiyejua angedhani gereza limefunguliwa. Ni njiwa. Njiwa wa mashindano, na sheria ya mtaa wetu, ambayo haijaandikwa popote wala hakuna aliyeipigia kura, ni kwamba wakishaachiwa huko waliko, hapa kwetu hakipepei kitu. Njiwa aliyekimbia maili mia na ushei akikuta kitu cheupe kinapunga mikono karibu na banda lake, hatui. Anakaa juu ya paa la mtu, mara nyingi langu, anawaza. Na kila dakika anayowaza, mwenyewe huku chini anazeeka mwaka.

Nyumbani kwangu tunamwita Bwana Upepo. Jina lake analo, tena zuri tu, lakini katika miaka tisa ya ujirani hajapata kunisalimia kwa jambo jingine. Wewe unasema habari za asubuhi, yeye anajibu, "Kusini-magharibi, lakini utageuka." Ni mstaafu wa mgodi wa makaa ya mawe, kama walivyokuwa wafuga njiwa wengi wa huku Durham. Mtu aliyeshinda wiki nzima chini ya ardhi, Jumamosi akitaka kuangalia kinachoruka, sioni wa kumlaumu. Mimi namlaumu kwa kanzu.

Kuhusu njiwa si kwamba nimetoka msituni. Bibi yangu Tanga alifuga njiwa manga kwenye masanduku ya chai yaliyopigiliwa chini ya upenu. Asubuhi walitoka, jioni walirudi, wakamwagiwa mtama, basi. Hakuna aliyewapima. Bibi alikuwa akisema njiwa hawakai nyumba yenye ugomvi, kwa hiyo babu alipoanza kupaza sauti, jibu lilikuwa moja tu: "Unanifukuzia njiwa." Ndiyo matumizi pekee ya njiwa niliyoyajua mpaka nilipohamia hapa: kumnyamazisha mzee.

Kwa Bwana Upepo mambo ni mengine. Kuanzia Aprili hadi Julai ni msimu wa njiwa wakubwa, kisha wanafuata wachanga mpaka Septemba. Ijumaa jioni wafugaji hukutana klabuni, kila njiwa huvalishwa mguuni pete ya mpira yenye namba, anatiwa tengani, matenga yanapakiwa kwenye lori, na lori linakwenda kusini usiku kucha. Asubuhi milango inafunguliwa yote kwa mpigo na kila ndege anashika njia ya kwao. Mstari wa kumalizia ni mmoja kwa kila mmoja, maana kila njiwa ana banda lake. Ndiyo sababu mshindi si lazima awe wa kwanza kufika. Umbali wa kila banda umepimwa kwa yadi, unagawanywa kwa dakika alizotumia ndege, anayepata yadi nyingi kwa dakika ndiye bora. Banda la jirani yangu, kwa mashindano yanayoanzia Peterborough, liko kama maili 160, yaani yadi 281,600. Njiwa wake akitumia saa tatu na dakika arobaini, ni yadi 1,280 kwa dakika. Mwenzake wa maili 163 akiingia dakika tatu na nusu baadaye anapata yadi 1,283. Aliyechelewa kashinda! Nilipoelezwa haya mara ya kwanza nilidhani Kiingereza changu ndicho kilichoharibika.

Sasa njoo kwenye upepo.

Mimi ni mtu wa pwani, upepo sikuanza kuusikia kwa mchimba makaa. Kwetu kaskazi inaingia Desemba, kusi inaanza Aprili, na jahazi la kwenda Uarabuni lilingoja kusi bila kumuudhi mtu. Kilichoniumiza ni kugundua kwamba mashindano ya Bwana Upepo yanakwenda na kusi, mwezi kwa mwezi. Na kwa kuwa njiwa wake wanatoka kusini kuja kaskazini, upepo wanaouomba ni ule ule waliouomba manahodha wa Tanga. Nimevuka bahari kukimbia maneno ya kusi na kaskazi ya wajomba zangu, nimekuja kuyakuta yamekaa ukutani na kofia ya sufu.

Upepo ukiwa wa tezi, unamsukuma njiwa kwa nyuma, anaweza kupita maili 60 kwa saa, na hapo Bwana Upepo huonekana amenyoa. Ukiwa wa omo, unampiga usoni, ndege anashuka chini, anapita karibu na ua na mashamba kutafuta mahali penye utulivu, anafika kachoka na asubuhi imekwisha. Lakini wenye fitina ni upepo wa mbavu. Ukivuma kutoka magharibi unalisukuma kundi lote upande wa bahari, na wenye mabanda ya pwani wanapokea ndege kama zawadi. Ukitoka mashariki, wa bara wanashangilia na wa pwani wananuna. Jirani yangu yuko bara. Utabiri ukisema magharibi, huanza kununa tangu Alhamisi, na mkewe huja kwetu kukaa.

Utabiri anaupata sehemu tatu: redioni, kwenye simu, na kwenye goti lake la kushoto lililoumia mgodini. Redio na simu zikigombana, goti ndilo linalokata shauri.

Na upepo ni nusu tu ya kesi. Kuna ukungu, ambao Peterborough unaweza kukaa mpaka saa nne kama mgeni asiyejua kuaga. Kuna mawingu ya chini. Kuna mvua iliyolala katikati ya njia, hapa jua na kule jua, katikati maji. Njiwa hutumia jua kupata mwelekeo, na mabawa yaliyolowa ni mzigo. Kwa hiyo yule msimamizi aliyefuatana na lori anapiga simu njia nzima kuuliza: kwenu kukoje, mnaona mlima, mnaona mnara wa kanisa? Akipata jibu baya anasubiri. Saa moja ya asubuhi hawajaachiwa. Saa tatu hawajaachiwa. Saa sita anatangaza kwamba wanalala huko huko, wataachiwa kesho Jumapili. Jumapili nayo inaamka na ukungu.

Hapo ndipo linapokuja dukuduku langu hasa. Mimi nimeishi na Waingereza muda wa kutosha kuambiwa, kwa tabasamu, kwamba sisi watu wa kwetu saa ni pambo la mkono. Harusi ya saa nane tunafika saa kumi. Nimeambiwa hivyo kazini, nimeambiwa kwenye basi, na Bwana Upepo mwenyewe ameniambia, akiegemea ukuta huo huo. Haya. Mtu huyu anapima muda kwa sekunde. Ana saa maalumu ndani ya sanduku la mbao, imefungwa klabuni kwa lakiri ili asiichezee, ikilinganishwa na saa kuu kabla na baada. Lakini muulize swali dogo tu: Jumamosi mchana utakuja kula pilau?

"Inategemea."

Inategemea nini? Upepo. Utajua lini? Wakiachiwa. Wataachiwa lini? Ukungu ukipanda. Utapanda lini? Ananitazama kama mtu aliyeuliza roho inakaa wapi. Mke wangu amepika pilau mara tatu kwa ajili ya watu hawa, na mara zote tatu imeliwa Jumatatu. Mjomba wangu, ambaye alichelewa maziko ya kaka yake mwenyewe, angalau ukimuuliza utakuja saa ngapi hukutajia saa.

Njiwa wenyewe wanaishi kwa ratiba ambayo mimi sina. Mwanzo wa wiki wanapewa shayiri, wapungue mwili. Ijumaa ikikaribia wanapewa mahindi, wapate nguvu. Kwa safari ndefu zinaongezwa karanga, punje kadhaa tu, zikihesabiwa mkononi. Mimi nikiuliza leo kuna nini, naambiwa nifungue friji. Na madume yana mpango wake, wanaouita ujane. Dume anatengwa na jike wake wiki nzima. Ijumaa, kabla ya kutiwa tengani, anaonyeshwa jike kwa dakika chache, kisha anabebwa. Akili yote inabaki nyumbani, mabawa ndiyo yanayosafiri. Akirudi anamkuta jike anamngoja. Nilimweleza mke wangu nikidhani atacheka.

"Yaani wanamkalisha eda na hajafiwa," akasema. Kisha akanyamaza, akanitazama kwa muda. "Na wewe unapokwenda msikitini Ijumaa ukarudi magharibi... hiyo Peterborough iko mbali?"

Nikabadilisha mazungumzo.

Wachanga ndio walioniingiza mimi kazini. Hao wanafundishwa njia kidogo kidogo: maili tano, kumi, ishirini, asubuhi yenye kuonekana vizuri na isiyo na ukungu. Gari la Bwana Upepo lina uti wa mgongo mbovu kama wake, langu lina nafasi nyuma. Basi huu ndio mwaka wa tatu natolewa kitandani alfajiri za Julai, huku jua la nchi hii likiwa limeshaamka kabla ya mwadhini, naendesha na matenga mawili yanayokoroma "kuu, kuu" nyuma ya shingo yangu. Tunafika pembeni ya barabara, anafungua mlango wa tenga, wanatoka kwa mlipuko mmoja unaokupiga upepo usoni, wanazunguka juu mara mbili, mara tatu, wananyoosha. Wametoweka. Mpaka hapo ni jambo zuri, sikatai, na mara ya kwanza nilisimama pale na mdomo wazi.

Kisha inabaki kurudi. Wao maili ishirini wanakwenda chini ya nusu saa. Mimi nina taa nyekundu sita, trekta moja, na barabara iliyochimbwa na watu ambao hawaonekani. Nafika nyumbani nakuta wamepanga mstari juu ya paa langu, wameshakula, wananiangalia kwa jicho moja moja. Kioo cha gari sikioshi tena. Nangoja wamalize kwanza. Siku moja nilichukua ufagio, Bwana Upepo akanionya nisifanye haraka: Novemba 2020 kule Ubelgiji njiwa jike mmoja, New Kim, aliuzwa euro milioni 1.6. Tangu siku hiyo mke wangu hataki niwafukuze. Anawatazama kama mtu anayetazama viwanja.

Bwana Upepo mwenyewe hana njiwa wa bei hiyo, lakini ukimbeza kwamba mchezo wake ni wa makabwela anakutajia ikulu. Familia ya kifalme ya Uingereza inafuga njiwa wa mashindano kule Sandringham, na asili yake ni zawadi ya mwaka 1886 kutoka kwa mfalme wa Wabelgiji. Nikamuuliza mfalme gani. Leopold wa Pili. Yule yule ambaye Kongo wanamkumbuka kwa mikono ya watu iliyokatwa. Nilimweleza hilo tukiwa tumeegemea ukuta, akasikiliza mpaka mwisho, akavua kofia akaivaa tena. "Hilo sikufundishwa," akasema. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, dakika nzima ilipita bila neno upepo.

Kuna vitu viwili anavyovitaja kwa sauti ya chini. Cha kwanza ni tarehe 29 Juni 1997. Chama cha kifalme cha mashindano ya njiwa kilikuwa kinatimiza miaka mia, wakaachia njiwa wapatao 60,000 kutoka Nantes, Ufaransa, kurudi Uingereza. Wengi mno hawakuonekana, wala siku ile wala baadaye. Miaka mitatu ikapita ndipo mtaalamu wa miamba wa Marekani, Jonathan Hagstrum, alipotoa hoja yake: saa ile ile kundi linavuka mlango wa bahari, ndege ya Concorde ilikuwa inapita juu ikitokea Paris kwenda New York, na mshindo wake ukavuruga zile sauti za chini kabisa ambazo yeye anaamini njiwa huzitumia kama ramani. Si wataalamu wote wanaokubali. Bwana Upepo anakubali, kwa sababu mtu aliyepoteza njiwa anataka mshitakiwa, na Concorde haiwezi kujitetea.

Cha pili kilimpata mwenyewe. Juni 2021, Jumamosi ya tarehe 19, anga zuri, upepo mwepesi, goti kimya. Maelfu ya njiwa walioachiwa siku ile nchini, wakiwemo wa Peterborough, hawakurudi. Yeye alipeleka kumi na mmoja, wakarudi watatu, wa tatu akiingia Jumanne kwa miguu, akipita getini kama mgeni. Watu wakalaumu dhoruba za jua, wakalaumu minara ya simu, wakalaumu vipanga. Nilimuona jioni ya siku ile amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa banda, kopo la mahindi mkononi, analitikisa polepole. Taratibu tu, chaka chaka, kisha anasikiliza. Saa nne ya usiku bado kuna mwanga kidogo upande wa kaskazini, na kopo bado linalia. Sikulalamika kuhusu kelele. Naandika hapa ili ijulikane kwamba kuna siku sikulalamika.

Lakini tusihame kwenye kanzu. Maana baada ya kusema yote hayo, kuna jambo moja ambalo yeye ananidai mimi, na uungwana unataka nilitaje kabla hajalitaja yeye.

Ilikuwa Mei mwaka jana. Alimpeleka mkewe stesheni asubuhi na mapema, akaniachia simu yake ya mkononi, anayoiogopa, na maagizo mafupi: klabu watapiga kusema wameachiwa saa ngapi, ongeza saa tatu na nusu, andika kwenye ubao wa bandani saa ya kuwatarajia. Kazi ya mtoto wa darasa la tatu. Simu ikalia: wameachiwa saa mbili kamili, kusini, mwepesi. Mkono wa pili nilikuwa nimeshika simu yangu, dada yangu yuko Tanga, ananieleza habari ya mabati.

"Kaka, bati zimepanda tena."

"Zimepandaje, si nilituma wiki jana?"

"Ulituma za paa la mbele."

Na katikati ya paa la mbele na paa la nyuma, mbili kuongeza tatu na nusu, nikachukua chaki nikaandika kwa herufi kubwa: WANAFIKA 5:30. Saa tano na nusu. Wewe msomaji unaona kosa liko wapi? Huoni. Dada yangu asingeliona. Mtu yeyote aliyezaliwa kati ya Lamu na Kilwa angesoma ubao ule akajua kwamba kabla ya adhuhuri njiwa watakuwa nyumbani.

Bwana Upepo akarudi, akasoma, akatikisa kichwa. Ukungu, akajiambia. Wamezuiwa, wameachiwa mchana, wanaingia jioni. Kwa kuwa ana nafasi, akaenda kunyoa.

Saa tano na dakika ishirini na nne nilikuwa jikoni nikasikia kishindo cha mabawa juu ya paa. Nikatoka. Dume la kijivu, kifua kimejaa, limetua bandani moja kwa moja bila kuwaza hata sekunde, limesukuma kile kimlango cha vijiti vinavyokwenda ndani na havirudi nje, limeingia. Ndani jike wake analia. Na mwenyewe hayupo! Sasa hao vijana wa klabu wana mitambo: njiwa ana kidude cha elektroniki mguuni, akikanyaga kibao mlangoni saa inajiandika yenyewe. Mzee wangu hataki. Anataka saa ya babu yake. Maana yake lazima mtu amshike ndege, amvue ile pete ya mpira, aitie katika kijikopo kama subana ya fundi cherehani, akitumbukize kijikopo kwenye tundu la saa, na kubonyeza mkono wa chuma. Hapo ndipo muda unapigwa. Kabla ya hapo, hata njiwa akizaa humo bandani, hajafika.

Nikaingia. Ndege nilimkamata, mkono wa Tanga haujasahau. Pete ikakataa kutoka, nikamvuta, akanipiga bawa la jicho. Ikatoka, ikaniruka, ikaanguka kwenye maranda. Nikapiga magoti nikaitafuta kati ya vitu ambavyo havitajwi kwenye gazeti. Nikaipata. Nikakuta saa ina matundu mawili na ufunguo mmoja, na sikujua lipi ni lipi. Nikapiga simu kwa kinyozi. Alikuja anakimbia, goti na yote, shuka la kinyozi limemfunga shingoni linapepea nyuma, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Dume la kijivu likaliona lile shuka jeupe likaruka kujificha kona ya mbali. Saa ilipopigwa ilikuwa tano na dakika hamsini na moja.

Yadi 1,219 kwa dakika. Ingepigwa pale aliposhuka, ingekuwa 1,380. Aliyeshinda siku ile alipata 1,371.

Hakunigombeza. Hilo ndilo baya la watu hawa. Alikaa juu ya ndoo yake, akapangusa nywele mabegani, akauliza kwa upole ni nchi gani ambayo saa tano na nusu ni kabla ya chakula cha mchana. Nikamweleza. Jua likichomoza saa inaanza kuhesabiwa, ya kwanza ni saa moja, likizama tunaanza upya. Akasema jua la Durham mwezi wa Mei linachomoza kabla ya saa kumi na mbili, kwa hiyo hata hesabu yangu haikubaliani na jua. Nikasema jua la Durham ndilo lenye matatizo, la Tanga halina. Nikamuuliza nyinyi mnaanza kuhesabu lini? Usiku wa manane, kila mtu amelala, hakuna aliyeona. Nani aliyesimamia?

Kisha nikakumbuka jambo alilonifundisha mwenyewe, nikalirudisha kwake kama mkuki. Katika mashindano ya masafa marefu, yale ambayo njiwa hulala njiani, kanuni zao hutoa saa za giza. Usiku hauhesabiwi, kwa kuwa njiwa hasafiri gizani. Jioni saa inasimama, mapambazuko inaanza tena. Sasa hiyo ni saa ya nani, nikamuuliza, ya Greenwich au ya kwetu? Njiwa wako wanakwenda kwa saa ya Kiswahili, mzee. Wewe peke yako bandani humo ndiye unayekwenda kwa saa ya Kiingereza.

Akafikiri kwa muda mrefu. "Upepo umegeuka," akasema, akaingia ndani kuwapa maji.

Tangu siku hiyo ubao wa bandani una mstari katikati. Upande wa kushoto kaandika YETU, wa kulia kaandika YAKO. Wiki jana nilikuta amejaza pande zote mbili mwenyewe, na ya upande wangu aliikosea kwa saa nzima, nikamsahihisha kwa raha ambayo sitaieleza.

Kanzu, hata hivyo, bado zinateremshwa. Na sasa binti yangu anaolewa. Alitaka Juni, hali ya hewa nzuri, hema uani, dufu, wageni kutoka London na Muscat. Nilipomwambia Bwana Upepo, alinipa mkono, akafurahi kweli kweli, kisha nikaona macho yake yanapanda taratibu kwenye uzi wa hema, kwenye vitambaa vyeupe, kwenye dufu, na kwenye paa langu. Nikamuuliza utakuja? Nilijua jibu kabla hajafungua mdomo.

Nikaha ni Jumamosi ya pili ya Oktoba, saa nane mchana. Kwenye kadi ya Bwana Upepo tumeandika 14:00, asije akaenda kunyoa.